Uzoefu wangu na waigizaji wa tamthilia teule: lipia kikundi kinachobaki baada ya onyesho

Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa magharibi mwa Kenya, na walimu wenzangu huniuliza kama inafaa kuwalipa waigizaji wanaozunguka shuleni na tamthilia teule, yaani zile zilizoteuliwa kutahiniwa katika mtihani wa KCSE. Inafaa sana, mradi kikundi chenyewe kisifunge virago punde tu makofi yanapokwisha.

Mwaka huu tulialika kikundi kinachoigiza Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Kiingilio kilikuwa shilingi 200 kwa mwanafunzi, walimu bure. Waliigizia bwaloni, meza zimesukumwa ukutani, hakuna taa wala pazia. Wanafunzi wangu walikuwa wamekisoma kitabu, lakini kusoma kwao ni kule kwa kuruka mabano: wakifika kwenye maelekezo ya jukwaa, macho yanakimbilia jina la msemaji anayefuata. Siku hiyo hawakuwa na pa kurukia. Aliyeigiza Sara, mama mgonjwa katika tamthilia hiyo, alichukua muda kuinuka kitini, mkono umeshika kiuno, maneno yakimtoka vipande vipande. Bwalo lilitulia tuli. Ugonjwa ambao darasani tulikuwa tumeuorodhesha chini ya maudhui sasa ulikuwa umemkalia mtu mwilini.

Kisha wakaweka kiti moto. Yona, mume wa Sara ambaye wanakijiji humcheka kwa kukosa mtoto wa kiume, alikalishwa mbele na maleba yake, yaani mavazi ya jukwaani, wanafunzi wakaruhusiwa kumhoji. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye darasani humsikii, alisimama akamuuliza: "Mzee, Mungu alikupa mabinti watatu. Hao waliokucheka ndio waliokuwa wakikulisha?" Mwigizaji hakuvunja uhusika. Alinyamaza kidogo, akasema kicheko cha wanakijiji humfuata mtu mpaka kitandani. Hapo mikono ikainuka kila upande, wengine wakimtetea, wengine wakimkaripia. Nimefundisha sifa za wahusika miaka mingi, na sijawahi kupata mjadala kama huo kwa chaki.

Faida ya mtihani nayo ipo. Katika Karatasi ya 102/3, ile ya Fasihi katika KCSE, kila swali lina alama 20, na swali la dondoo, linalonukuu maneno ya mhusika, kwa kawaida huanza na muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Aliyemwona msemaji amesimama wapi na anamtazama nani hana haja ya kukariri.

Kilichonifaa mimi zaidi ni kikao cha walimu alasiri ile. Kiongozi wao alitufundisha kuendesha onyesho dogo ndani ya kipindi cha dakika 40 bila maleba yoyote. Unachukua kurasa mbili, unaondoa mazungumzo, wanafunzi wanatenda vitendo tu huku mmoja akisoma maelekezo ya jukwaa kwa sauti. Halafu unasimamisha tukio katikati na kuuliza: huyu anataka nini, na nani anamzuia? Tangu hapo natumia mbinu hiyo hata kwenye hadithi fupi, na inafanya kazi.

Si vikundi vyote viko hivi. Kuna kimoja tulichowahi kukipokea ambacho kilijaza vichekesho vya Sheng na mandhari ambayo hayamo kitabuni. Wanafunzi walicheka mbavu ziwaume, kisha kwenye mtihani wa majaribio (mock) baadhi yao wakanukuu maneno ambayo mwandishi hakuyaandika. Nililazimika kuanza upya tukio kwa tukio. Pia jihadharini na maonyesho ya kukusanya shule nyingi ukumbi mmoja. Wa nyuma hawasikii kitu, na kiti moto hakiwezekani kwa umati ule.

Kinachoniuma bado ni kiingilio cha kulipia kila mwanafunzi. Waliokosa shilingi 200 walibaki darasani, nao ndio wasio na nakala ya kitabu nyumbani. Afrika Mashariki tumewahi kuwa na kikundi cha kuzunguka cha Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza 1965, na watu walikitazama bila kulipa. Kwa hiyo safari ijayo tumekubaliana na kikundi hiki tulipe bei moja ya onyesho zima, shule ichangie, na kila mtoto aingie.

Ukiwapigia simu, waulize mapema kama wanafuata matini, kama kuna kiti moto, na kama kikao cha walimu kimo ndani ya bei. Na waite muhula wa kwanza. Muhula wa pili ratiba zao huwa zimejaa, na wanafunzi nao tayari wana hofu ya mitihani.