Proxmox na ZFS hotelini Malindi: hifadhi inayoijua kila mashine pepe kivyake

Ninachopima hapa ni hifadhi ya data ya mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazokaa kadhaa ndani ya seva moja: Proxmox VE, programu ya kuziendesha, ikiwa juu ya ZFS, mfumo wa kupanga data kwenye diski, kwenye seva mbili, katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi ambako mimi ndiye fundi wa kompyuta. Si mtambo wa benki wala wa chuo kikuu. Tuna mashine pepe saba: ya mapokezi, ya hesabu, ya kadi za milango, ya simu za vyumbani, ya mafaili ya ofisi, na mbili ndogo za kazi za mtandao. Hoteli ikijaa mwezi wa Agosti au Desemba, bila hizo saba hakuna kazi inayoendelea. Mgeni katoka uwanja wa ndege, watoto wamemlalia begani, hana haja na habari za diski. Anataka ufunguo.

Zamani mashine zote zilikaa kwenye kisanduku kimoja cha hifadhi kilichounganishwa na seva kwa waya wa mtandao, diski zake zile za kuzunguka. Kisanduku kilitoa kipande kimoja kikubwa cha nafasi, ambacho mafundi hukiita LUN, na mashine zote zikarundikwa humo. Kasoro ya mpango huo ni kwamba hifadhi haijui kama kuna mashine. Inaona vipande vya data tu. Ni kama mizigo ya abiria wote wa basi la Lamu kutiwa kwenye gunia moja: ukitaka mfuko wa mtu mmoja, sharti umwage wote.

Basi mwisho wa mwezi mhasibu akianza kuvuta ripoti zake, mapokezi yanakwama. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huweza kazi ndogo ndogo za kutawanyika zisizozidi 100 hivi kwa sekunde. Kila mashine peke yake pengine inasoma kwa mpangilio, lakini zikichanganyika saba, kinachoifikia diski ni vurugu tupu, na kichwa cha kusomea kinarukaruka huku na huku. Dada wa mapokezi ananipigia: "Fundi, leo mtambo hautembei." Nafungua ukurasa wa kisanduku, unaniambia hifadhi ina kazi nyingi. Nani anayeipa kazi hiyo? Hausemi.

Wazo la hifadhi inayoitambua mashine pepe si geni. Mwaka 2008 Kieran Harty, aliyekuwa ameongoza uhandisi kule VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, alianzisha kampuni ya Tintri pamoja na Mark Gritter huko California. Mtambo wao, VMstore, uliachana kabisa na habari za LUN: ukiufungua unakuta majina ya mashine zako, kila moja na kipimo chake cha ucheleweshaji. Kampuni ilifilisika mwaka 2018 ikanunuliwa na DDN, kampuni nyingine ya hifadhi za data. VMware nao walileta vVols, njia yao ya kuipa kila mashine hifadhi yake, mwaka 2015 pamoja na programu yao ya vSphere 6.0, nia ikiwa ile ile. Ni mambo mazuri, ila yamepangwa kwa ajili ya wenye vituo vikubwa vya data. Sisi tuna kabati moja nyuma ya ofisi ya meneja.

Ndipo nikaiendea Proxmox. Inatengenezwa Vienna, Austria, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008. ZFS ina historia yake: ilianza mwaka 2001 ndani ya Sun Microsystems, mikononi mwa Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2005. Viwili hivi vikikutana, kila diski ya mashine pepe inakuwa na ujazo wake wenyewe, yaani sehemu yake iliyotengwa ndani ya hifadhi. Mashine namba 101 ina vm-101-disk-0, namba 102 ina yake, na kila ujazo unaweza kupigwa picha, kunakiliwa, kurudishwa nyuma au kufutwa bila jirani yake kuguswa. Jambo hilo moja ndilo lililobadilisha kazi yangu yote.

Nieleze kwa kisa. Wenye programu ya hesabu walituma sasisho, na katika biashara yetu sasisho la hesabu haliahirishwi, kwa kuwa ankara za kodi za eTIMS zinatoka humo. Kabla ya kuligusa nilichukua snapshoti ya mashine ya hesabu peke yake, yaani picha ya diski ilivyo saa ile. Haichukui hata muda wa kuvuta pumzi, kwa sababu ZFS hainakili chochote wakati huo; inaweka alama tu kwamba vipande hivi visifutwe. Sasisho likakwama katikati, programu ikakataa kufunguka. Mhasibu, dada mmoja wa Shela asiyependa maneno mengi, alisimama mlangoni akaniuliza, "Sasa, fundi?" Nikaizima ile mashine, nikairudisha kwenye picha, nikaiwasha. Alirudi kwenye kiti chake akaendelea alipoishia. Wakati wote huo mapokezi walikuwa wanaingiza wageni na hakuna aliyejua kama kuna lililotokea. Kwenye kisanduku cha zamani, picha ilikuwa ya LUN nzima. Kuirudisha hesabu nyuma kungeirudisha nyuma na orodha ya wageni walioingia asubuhi ile.

Na ule ugomvi wa mwisho wa mwezi? Proxmox inakuruhusu kuwekea kila diski pepe kikomo chake cha kusoma na kuandika. Mashine ya hesabu nimeiwekea. Ripoti zinachukua muda kidogo zaidi, mapokezi hayasimami, na grafu ya kila mashine iko pale, yeyote akitaka kujua nani anatumia nini.

Sasa umeme. Malindi umeme hukatika, jenereta huchukua muda kuitika, na betri za UPS katika joto letu huchoka mapema. Mifumo mingi ya hifadhi huandika data mpya pale pale ilipokuwa ya zamani. Umeme ukienda katikati ya kuandika, unabakiwa na nusu ya jana na nusu ya leo. ZFS haiandiki juu ya kilicho hai. Huandika pembeni, na ikishamaliza ndipo inageuza kielekezi kutoka pa zamani kwenda papya. Kwa hiyo umeme ukikatika, hifadhi inaamka ikiwa katika hali moja kamili. Maandiko ya kawaida huyakusanya kwa sekunde 5 hivi kabla ya kuyashusha kwenye diski, na hayo yanaweza kupotea. Lakini yale ambayo programu imeomba yathibitishwe papo hapo, kama malipo yaliyoingia kwenye hifadhidata, huandikwa kwanza kwenye daftari maalumu ndani ya diski, yakasomwa tena umeme ukirudi. Hili nimeliona likifanya kazi, na ndilo linalonipa usingizi msimu wa mvua.

Chumvi nayo ina habari yake. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, kila chuma kinachotazama bahari huota kutu, na vyumba vya ofisi havisalimiki. ZFS huweka hesabu ya uhakiki kwa kila kipande cha data na huikagua kila kinaposomwa. Mara moja kwa mwezi, Jumapili ya pili, mfumo hupitia diski nzima wenyewe. Diski zetu ziko mbili mbili kwa mtindo wa kioo, kila moja ikishika nakala ya mwenzake. Safari moja diski ya upande mmoja wa kioo ilianza kuonyesha makosa ya uhakiki. Diski haikuwa na ubaya. Miguu ya waya wake ilikuwa imeanza kuliwa na kutu. Kila kipande kilichosomwa vibaya kilirekebishwa kutoka diski pacha, bila mashine hata moja kuzimika, nami nikapata nafasi ya kubadilisha waya usiku. Hifadhi isiyojikagua ingenipa data mbovu kimya kimya, na ningeijua siku mhasibu atakapofungua faili.

Masharti yake sasa, maana nisingependa mtu anunue kwa kuisikia sifa tu.

SSD, zile diski zisizozunguka, ndizo muhimu kuliko vyote. Zile za bei nafuu za kompyuta za mapajani hazifai kazi hii. Kila programu inapoomba uthibitisho wa kuandika, zinalemewa, kwa sababu hazina kapasita za kushikilia umeme hadi data ishuke. Nunua za seva, zenye kinga hiyo ya umeme kupotea, hata kama ni ndogo au zimetumika kidogo. Kumbukumbu (RAM) nayo ipangwe vizuri: Proxmox wenyewe wanashauri GB 2 za mfumo, na GB 1 kwa kila TB ya hifadhi ya ZFS, kabla hujazigawia mashine zako. Matoleo ya zamani yaliiachia ZFS ichukue hadi nusu ya kumbukumbu yote kwa akiba yake ya kusomea. Tangu toleo la 8.1, ukisakinisha upya, kikomo ni asilimia 10, isizidi GB 16. Diski zipange mbili mbili kwa kioo. RAIDZ, njia ya ZFS ya kutawanya data kwenye diski kadhaa, huvutia kwa kuwa inaonekana kuokoa nafasi, lakini mashine pepe huandika vipande vidogo vidogo, na RAIDZ huvijazia pengo kila mara, nafasi uliyodhani umeiokoa ikaliwa. Na usiiache hifadhi ijae kupita asilimia 80.

Kuna na lile la kurudi nyuma: ZFS inakurudisha kwenye snapshoti ya mwisho tu. Ukitaka ile ya juzi, sharti uzifute zilizofuata. Linaudhi, na ni vizuri ulijue kabla ya siku ya shida.

Seva ya pili hupokea nakala za mashine kutoka ya kwanza. Kwa kawaida ni kila dakika 15, na kinachotumwa ni mabadiliko tu, kwa hivyo mtandao hauelemewi. Mashine ya mapokezi nimeipunguzia hadi dakika 5. Meneja aliniuliza swali la maana: "Ikifa seva hii sasa hivi, tunapoteza nini?" Nikamjibu, "Yale ya dakika tano za mwisho, bosi, na hayo mapokezi wanayo kwenye karatasi." Anayehitaji kutopoteza hata neno moja, hii si yake, atazame Ceph, hifadhi inayoandika kwenye seva kadhaa kwa pamoja, na kwa Ceph ajiandae kwa seva tatu au zaidi na mtandao wa kasi. Jingine la kukumbuka ni kwamba seva mbili peke yake hazina wa kuzipigia kura ya tatu, ya kuamua iliyobaki iendelee na kazi, mojawapo ikizimika. Sisi kura hiyo tumeipa Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyo ofisi ya mbele.

Snapshoti wala nakala ya seva ya pili si bakapu. Faili likifutwa hapa, baada ya dakika chache limefutika na kule. Kwa hilo tunatumia Proxmox Backup Server, programu yao ya bakapu, iliyofikia toleo lake la kwanza kamili Novemba 2020. Huikata diski ya mashine vipande vya MiB 4 na kutunza kila kipande mara moja tu, hata kikijirudia kwenye mashine zote. Ninachokipenda ni kwamba naweza kufungua bakapu ya mashine nzima nikachomoa folda moja, hata ikiwa ni ya Windows. Folda ya mishahara imewahi kurudi kwa njia hiyo kabla ya chai ya saa nne. Nakala nyingine inakwenda Watamu usiku, kwenye nyumba ya wageni ya mwenye hoteli huyu huyu.

Nisichokipata ni kile cha Tintri: kuonyeshwa ucheleweshaji wa kila mashine, na kama unatoka kwenye seva, mtandao au diski. Grafu za Proxmox zinanionyesha kiasi kinachosomwa na kuandikwa, mengine nayatafuta mwenyewe kwa amri za ZFS. Natamani sana walifanyie kazi.

Programu yenyewe ni huria, chini ya leseni ya AGPLv3, na unaweza kuitumia bure. Sisi tunalipa usajili wa mwaka, unaohesabiwa kwa soketi ya prosesa, ili tupate masasisho yaliyojaribiwa zaidi. Mwenye mashine zake VMware, toleo la 8.2 la Aprili 2024 lina njia ya kuzivuta moja kwa moja kutoka ESXi, programu ya VMware inayoendesha mashine pepe kwenye seva. Nashauri aanze na ile isiyo na haraka, mashine ya mafaili kwa mfano, na asiiguse ya mapokezi mpaka wageni wa Pasaka wameshaondoka.