Mbunge wa Uskoti: kiti cha London au cha Edinburgh?

Westminster, bunge la Uingereza nzima lililoko London, ina wabunge 650. Uskoti ina viti 57 tangu 2024. Wote huchaguliwa jimboni, anayeongoza kwa kura anachukua kiti. Holyrood, bunge la Uskoti lililoko Edinburgh, ina wabunge 129: 73 wa majimbo na 56 wa orodha za vyama, mikoa 8, 7 kila mkoa. Wa orodha akifariki au kujiuzulu hakuna uchaguzi mdogo; anayefuata kwenye orodha ya chama huingia.

Kura ndipo tofauti inapoonekana wazi. London kengele hulia, una dakika 8 za kukimbilia ukumbi wa Ndiyo au Siyo kabla milango haijafungwa. Edinburgh unabonyeza kitufe mezani kwako, kwa kawaida mnamo saa 11 jioni.

Hospitali, shule na polisi ni mambo ya Holyrood. Jeshi, uhamiaji na mambo ya nje, London. Mwananchi mwenye shida ya viza akienda kwa wa Edinburgh, kagonga mlango siyo.

Mwanasiasa Alex Salmond alishika viti vyote viwili 2007 hadi 2010, huku akiwa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya Uskoti. Treni kati ya miji hiyo ni zaidi ya saa 4. Ukishika viti viwili, jimbo lazima liumie.