Jogoo Mahututi: Kumwuguza Nyumbani au Kumwita Daktari wa Mifugo

Kumwuguza jogoo nyumbani, yaani kumtenga na wenzake mahali pakavu penye joto na kumdondoshea maji pembeni mwa mdomo, tone baada ya tone ili yasiingie kwenye njia ya hewa, humpunguzia mateso maskini huyu na kuwakinga kuku wengine, lakini hakubainishi chanzo cha ugonjwa. Daktari wa mifugo ndiye awezaye kutofautisha minyoo au kuhara damu, ambavyo vina dawa, na kideri, ambacho husababishwa na virusi na hakitibiki kwa antibiotiki. Upanga wa kichwani mwa jogoo ukigeuka zambarau, shingo ikipinda au akihema mdomo wazi, mimi ningemwita daktari siku hiyo hiyo, huku nikiendelea kumtenga.