Chungu kizuri, tundu hakuna: uzoefu wangu na rando la mapambo

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mmea. Aliyeniuzia hana hata robo.

Nazungumzia rando la mapambo, lile la majani ya rangi ya ndimu yanayomwagika ukingoni mwa chungu mpaka chini, na mwenzake wa zambarau iliyokolea hadi weusi, mwenye majani ya vidole. Kwenye vibanda vya maua vya kando ya barabara hapa Dar utalisikia kwa kila jina isipokuwa lake. Mimi niliuziwa "ua la Uholanzi". Uongo mara mbili. Hiki ni kiazi kitamu, spishi ileile tunayochemsha kwa chai ya asubuhi, ila kimechaguliwa kwa rangi ya jani na si kwa utamu wa kiazi. Waliokipandisha chati ni Wamarekani, kwenye bustani zao miaka ya 1990. La ndimu wanaliita Marguerite, jeusi Blackie, na baadaye North Carolina State University wakatoa ukoo mzima uitwao Sweet Caroline. Uholanzi imeingiaje hapo, muulizeni yeye.

Shilingi 15,000 pamoja na chungu. Chungu cha saruji, rangi nyeupe, kimenyooka, sina neno nacho kwa nje. Wiki mbili tatu hivi majani ya chini yakageuka manjano, halafu mmea mzima ukalegea. Na hapa ndipo wengi wanapouua kwa huruma. Rando lenye kiu hulegea jua la saa nane, ukilimwagia maji jioni limesimama. Rando linalooza mizizi hulegea vilevile, lakini jioni halisimami, kwa sababu mizizi iliyokufa haivuti maji hata ikiogelea ndani yake. Anayeona majani yamelala anaongeza kopo jingine. Kabla ya kuongeza, chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na tope, weka kopo chini.

Kidole kilitoka na tope, na harufu ya mtaro. Nikakipindua chungu.

Chini hakina tundu. Hata moja! Haya, niseme limesahaulika. Lakini ndani ya udongo, sentimita tatu chini ya yale mawe meupe ya urembo, nikakuta kiriba. Kile kiriba cheusi cha kitaluni, kizima, hakijachanwa, na mmea umo ndani yake. Mtu kachukua mche na mfuko wake, kauzamisha kwenye chungu kisicho na tundu, kafukia na udongo mwekundu wa kifusi, kaweka mawe juu ili pasionekane. Huko si kusahau.

Maji yanayokosa pa kutokea hujaza nafasi zote ndogo ambazo hewa ingekaa kati ya chembe za udongo, na mzizi bila hewa unakufa ndani ya siku chache, kisha vimelea vya kuoza vinamalizia. Mizizi mizima ni myeupe na inakatika kwa kishindo. Hii ilikuwa kahawia, na ukiivuta ganda linavuka kama soksi, ndani unabaki uzi.

Nikarudi kibandani na kiriba mkononi. Yule kijana hakukitazama. "Dada, maua yanataka mkono. Wewe huna mkono." Nikamwonyesha kitako cha chungu. Akacheka, akamwambia mwenzake, kisha akanigeukia: "Kwani si tembele hilo? Ungelichuma tu ukaliunga na nazi." Kumbe anajua si la Uholanzi!

Na kwa taarifa yake, ndiyo, majani yake yanalika, yana uchungu kidogo kuliko tembele la kawaida. Ila mmea wa kibandani hujui umepigwa dawa gani na lini. Anayetaka mboga akate ncha, aoteshe upya nyumbani bila dawa, achume majani mapya yatakayoota huko. Viazi vyake navyo vinalika, lakini havina ladha ya maana. Usivichimbe kwa ajili hiyo.

Sasa kinachonifanya nipunguze hasira, kidogo: mmea wenyewe. Ule msiba wote, na bado ncha tatu zilikuwa ngumu na zenye rangi. Nilizikata sentimita 25 kila moja, kwa kisu kikali, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochomoza kwenye shina. Majani ya chini yanatolewa, yanabaki mawili matatu ya juu. Nikaziweka kwenye glasi ya maji, kivulini penye mwanga, maji yakibadilishwa kila siku mbili. Haikufika wiki mizizi myeupe imetoka kwenye kila kifundo kilichozama. Ukiwa na udongo mzuri huhitaji hata glasi: fukia vifundo viwili, acha viwili juu, weka kivulini siku nne tano, basi. Mmea gani mwingine wa mapambo unakusamehe hivi? Kwa hilo ni nyota tano bila ubishi. Nabadilisha: jumla nyota tatu.

Ila kufaulu kunaanzia kwenye chungu, kwa hiyo narudi palepale. Chungu chenye mdomo wa sentimita 30 kinataka matundu manne au zaidi, kila moja upana wa kidole kidogo. Cha plastiki toboa kwa msumari uliopashwa moto. Cha saruji kwa drili yenye ncha ya zege, polepole, bila kugonga, ukinyunyiza maji. Juu ya tundu weka kipande cha wavu wa mbu, udongo usitoroke. Usijaze kokoto chini. Najua kila mtu anasema weka kokoto, na hata mafundi wa bustani watakuapia, lakini maji hayashuki kwa hiari kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hukusanyika juu yake kwanza, na ile sehemu ya tope inapanda karibu zaidi na mizizi. Udongo mmoja, kuanzia chini mpaka juu.

Mchanganyiko unaonifaa: ndoo mbili za udongo wa juu wenye kichanga, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, ndoo moja ya pumba za mpunga au vumbi la makumbi. Makumbi yaloweke na kuyasuuza kwanza, yana chumvi. Chungu cha sentimita 30 kinatosha marando mawili au matatu, si saba kama wanavyobandika ili lionekane limejaa siku ya kuuza. Bustanini acha sentimita 40 kati ya moja na jingine. Litatambaa zaidi ya mita na kuziba ardhi lenyewe. Likifika sentimita 30 kata ncha, ndipo litoe matawi pembeni. Mbolea baada ya mwezi: kijiko kimoja cha chakula cha NPK kwenye lita 10 za maji, kila wiki mbili, udongo ukiwa tayari na unyevu.

Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Hii si kwa ajili ya mizizi tu. Jiji hili lilipata dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda hasa visahani vya namna hiyo.

Jua: jeusi linataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, vinginevyo weusi unafifia na kuwa kijani kisichoeleweka. La ndimu lipe jua la asubuhi mpaka saa tano hivi; jua kali la alasiri huunguza kingo za majani, na kivuli kizito hulifanya kijani cha kawaida, likarefuka kama linatafuta mtu.

Wadudu, kwa ufupi. Matundu ya mviringo kwenye jani ni viwavi au mbawakavu wadogo wenye umbo la kobe, waokote asubuhi. Vumbi la utando chini ya jani ni utitiri, unachukia maji ya bomba yenye kasi. Cha kuogopa ni inzi weupe na vidukari, maana hao hubeba virusi: majani yanakuwa madogo, yamekunjamana, mmea umedumaa. Hapo hakuna dawa. Ng'oa, na usikate kipandikizi hata kimoja, hasa kama jirani ana shamba la viazi. Na kila miezi sita anza upya na vipandikizi na udongo mpya: viazi vinavimba ndani mpaka vinapasua chungu, na fukusi hutaga humo.

Kwa hiyo nyota tatu. Mmea ni mzuri, kazi yake nyepesi, yeyote ataweza.

Hapana, subiri. "Huna mkono." Mtu aliyefukia kiriba! Marando watu wanagawiana bure ukienda Mkuranga wakati wa kupanda viazi, na yeye kachukua 15,000 na kejeli juu yake. Narudi kwenye nyota moja ileile. Labda hata hiyo kubwa.

Tatizo lile jeusi liko kwake tu. Nitapita tena, ila nitauliza linauzwaje bila chungu.