A Memory of Light: mwisho wa The Wheel of Time, ulistahili kusubiriwa?

Haya, karibuni tena. Leo mezani nimeweka hili jitabu hapa. A Memory of Light, kitabu cha 14 na cha mwisho cha The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za fantasia alioanzisha Robert Jordan. Jalada gumu, kurasa zaidi ya 900. Jaribu kulisoma umelala chali kitandani, uone mikono itakavyokuchoka kabla hujamaliza dibaji.

Tangu Amazon waikate tamthilia iliyotokana na vitabu hivi Mei 2025, naulizwa swali lilelile: sasa hadithi inaishaje? Misimu mitatu, wamefika kwenye mambo ya kitabu cha nne, wamezima taa. Watu wamebaki njiani. Jibu la haraka ni kwamba mwisho upo, ulichapishwa Januari 2013, na ni mwisho mzuri. Lakini aliyeumaliza si yule aliyeuanza, na ukisoma unaliona hilo, pengine kwa heri, pengine kwa shari. Ndiyo maana nimewasha kamera.

Uhondo siwaharibii. Majina nitataja, nani anakufa sisemi.

Tuanze na mwenye mali. Robert Jordan ni jina la kalamu. Jina lake halisi ni James Oliver Rigney Jr., mwenyeji wa Charleston, South Carolina. Alipigana Vietnam akiwa mpiga bunduki kwenye helikopta, akarudi akasoma fizikia, akafanya kazi ya uhandisi wa nyuklia kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, ndipo akaingia kwenye uandishi. Hiyo Vietnam ishikeni. Vita katika vitabu hivi havina raha. Mtu anashinda, halafu anakaa pembeni anahesabu maiti, na majina ya marehemu hayamtoki kichwani kwa vitabu kadhaa.

Alipompelekea wazo mchapishaji wake, Tom Doherty wa Tor, alisema hadithi ni vitabu vitatu. Doherty alimjua mtu wake, akamsainisha sita. Wote wawili walikuwa wanaota.

Mwanzoni mambo yalikwenda kasi ya ajabu. Mwaka 1990 vilitoka viwili, halafu kimoja kila mwaka mpaka 1994. Hapo ndipo breki zikaanza kushika: 1996, 1998, 2000, 2003, 2005. Na si tarehe tu zilizolegea, hata hadithi yenyewe ililegea. Niwape mfano mmoja. Faile, mke wa Perrin, mmoja wa mashujaa wetu, anatekwa na kabila la Shaido mwishoni mwa kitabu cha nane. Anaokolewa kitabu cha kumi na moja. Mimi nawe leo tunaweza kuvuka hapo kwa mwezi mmoja tukijibana. Lakini kwa aliyenunua vikitoka, cha nane ni 1998 na cha kumi na moja ni 2005. Miaka saba mke wa mtu yuko kwenye mahema ya Shaido, na mume bado anapanga mipango!

Kitabu cha kumi, Crossroads of Twilight, ndicho kinachowashinda wengi, na siwalaumu. Cha tisa kinaisha na tukio kubwa mno, la kukutoa pumzi. Halafu cha kumi kinarudi nyuma, kinakuzungusha kwa kila mhusika mwingine kukuonyesha alikuwa anafanya nini wakati lile tukio likitokea. Mmoja alikuwa safarini. Mwingine alikuwa kwenye kikao. Wengine walikuwa wanakunywa chai, sitanii, chai inanywewa sana kwenye kitabu hicho. Sasa mweke mtu aliyesubiri zaidi ya miaka miwili, akalipa pesa yake ya jalada gumu, akapewa hicho.

Cha kumi na moja, Knife of Dreams, Oktoba 2005, kikaamka. Mambo yanafungwa, watu wanaoana, maadui wanaanguka. Jordan akatangaza kwamba kimebaki kimoja tu, hata kikiwa kikubwa kiasi gani.

Machi 2006 akawatangazia wasomaji wake kwamba anaumwa amiloidosisi, ugonjwa ambao protini zisizo sawa zinajikusanya kwenye kiungo mpaka kinashindwa kufanya kazi. Kwake ilikuwa moyo. Alifariki tarehe 16 Septemba 2007, akiwa na miaka 58.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ubora wa hiki kitabu unapotoka. Jordan alijua anaweza asimalize, na hakuificha hadithi ili aende nayo kaburini. Aliandika alichoweza, pamoja na sehemu kubwa ya hitimisho lenyewe. Katika siku zake za mwisho aliwasimulia jamaa zake mambo yatakavyokwenda hadi tamati, wakamrekodi. Na mke wake, Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wake tangu kitabu cha kwanza. Si mjane aliyeachiwa masanduku ya karatasi asijue ndani kuna nini. Ni mtu aliyefanya kazi ndani ya hadithi hii miaka yote, anayejua sentensi ipi ni ya mume wake na ipi siyo.

Harriet ndiye aliyemchagua Brandon Sanderson, mwandishi kijana wa fantasia, amalizie kazi. Alisoma maneno ya rambirambi ambayo huyu kijana alimwandikia Jordan, kisha akaonja riwaya yake moja, basi, akaamua ni huyu. Sanderson alikuwa shabiki tangu akiwa kijana mdogo. Alikabidhiwa kurasa kama 200 za vipande vya sura na maelezo ya Jordan, na kutokana na hizo ikabidi atoe hadithi nzima. Kile kitabu kimoja kikawa vitatu: The Gathering Storm mwaka 2009, Towers of Midnight 2010, na hiki 2013. Kulikuwa na manung'uniko kwamba mchapishaji anakamua pesa. Mimi nimevisoma vyote, jumla ni kurasa zaidi ya 2,400, na niambieni mngezibana wapi.

Sasa mkono mpya. Mashabiki wa Mat, nisikilizeni. Mat Cauthon ni mcheza kamari, mvivu wa mdomoni, shujaa asiyetaka kuitwa shujaa, na ucheshi wake unatokana na jinsi anavyojidanganya yeye mwenyewe. Katika The Gathering Storm, Mat anatoa vichekesho. Ni kama mtu aliyevaa kanzu ya marehemu: kitambaa ni kilekile, mabega hayakai. Sanderson mwenyewe amekiri hadharani kwamba Mat alimpiga chenga mwanzoni. Kufikia hiki cha mwisho amemkaribia zaidi, ila bado kuna mistari ambayo Jordan asingeiandika.

Upande wa pili, kuna kitu Sanderson anakifanya ambacho Jordan hakuwa mzuri hivyo kwacho. Chukua Androl. Ni mhusika mdogo, mwenye nguvu kidogo sana za uchawi, isipokuwa kipaji kimoja: kufungua milango ya kuvuka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Sanderson alipewa nafasi ya kumkuza huyu, na ameikamata vilivyo. Androl anaanza kujiuliza maswali ya fundi. Mlango unaweza kufunguliwa wapi? Mdogo kiasi gani? Upande wa pili kukiwa na kitu cha hatari, kitatoka? Ukifika hapo utajua nasema nini, na utaweka kitabu chini uzunguke chumba.

Halafu sura ya 37. Inaitwa The Last Battle, na ni sura moja. Moja! Karibu kurasa 200, maneno yanakaribia 80,000. Kuna riwaya kamili hazifiki urefu huo. Hakuna pa kupumulia kati ya sura na sura, kwa sababu sura haiishi. Inaruka kutoka macho ya mtu huyu kwenda ya yule, mwanzo mnakaa naye kurasa kadhaa, baadaye aya chache tu, unajikuta unasoma na hujui yupi anafuata kuanguka. Ushauri wangu: usiianze saa nne usiku ukiwa na kazi asubuhi. Na usiisome kwenye daladala, utapitiliza kituo.

Kuna farasi jike mmoja pale, anaitwa Bela. Mnene, manyoya yamevurugika, farasi wa kukokota mkokoteni wa shambani. Yupo tangu kurasa za mwanzo kabisa za kitabu cha kwanza, mwaka 1990, na yupo kwenye vita vya mwisho. Sisemi zaidi. Kuna wafalme wamenipita hivi hivi katika sura hiyo, lakini Bela hakunipita.

Kasoro. Padan Fain, mchuuzi mwendawazimu aliyekuwa akiwawinda vijana wetu tangu kitabu cha kwanza, anamalizwa kwa kurasa chache utadhani mwandishi alimkumbuka dakika ya mwisho. Vitabu 13 vya kumjenga, halafu hivyo! Moiraine naye, mliyempenda kwenye tamthilia akichezwa na Rosamund Pike, anapata nafasi finyu mno hapa. Anaingia kwa kishindo, anafanya jambo moja muhimu, kisha anasimama pembeni. Na baada ya vita kwisha, kitabu kinakutoa mlangoni haraka. Unataka kujua nani alirudi kwao, nani alizaa, nani alitawala. Hupati. Jordan alikuwa na mpango wa vitabu vitatu vya ziada kuhusu Mat na mke wake Tuon, ambavyo huenda vingejibu sehemu ya hayo. Havikuandikwa, na Harriet na Sanderson waliona ni vizuri viachwe hivyo. Naungana nao, ingawa roho inauma.

Lakini hitimisho, zile kurasa za mwisho kabisa, unaposoma unasikia mkono umebadilika. Sentensi zinatulia. Yule mzee, Jordan, amerudi. Hakuna mtu aliyehitaji kuniambia.

Najua mtaniletea habari za wale waandishi wengine ambao hawajamaliza hadithi zao. George R. R. Martin alitoa kitabu cha tano cha hadithi yake Julai 2011, mpaka narekodi hapa cha sita hakijatoka, na mpango wake ni saba. Patrick Rothfuss alitoa cha pili Machi 2011, cha tatu na cha mwisho bado. Kuna wanaosema mwandishi hana deni na msomaji. Mimi sikubali moja kwa moja. Ukiandika kwenye jalada kwamba hiki ni kitabu cha kwanza, umeniuzia na ahadi ndani yake. Siwezi kumtukana mtu kwa sababu kalamu imemgomea, huo ni utovu wa adabu. Ila pesa yangu ya kitabu cha kwanza naruhusiwa kuishika. Tatizo ni kwamba tukiishika wote, mchapishaji anaona hakiuziki, cha pili hakitoki kabisa, na waandishi wachanga ndio wanaoumia. Sina dawa ya hilo.

Kununua sasa. Jalada gumu ni zuri kwa rafu, kwa mkoba hapana. Jalada laini lile dogo ni la bei nafuu, lakini kwa unene huu mgongo wake unavunjika katikati, na kurasa zinaanza kuachia gundi hasa hapo kwenye sura ya 37. Ukilinunua mtumba, lifungue katikati kwanza kabla hujatoa hela. Cha kwenye simu ndicho ninachowashauri wengi wenu. Wakati kinatoka, waliosoma kwa simu walicheleweshwa hadi Aprili 2013, miezi mitatu wanakwepa watu wasiharibiwe uhondo. Leo hilo halipo tena. Cha kusikiliza kimesomwa na Michael Kramer na Kate Reading, ni mume na mke, na ni zaidi ya saa 40. Kama unaendesha gari kwenda mikoani, hicho ndicho chako. Wahusika wenye majina ni zaidi ya 2,000, kwa hiyo ukikipata The Wheel of Time Companion, kitabu cha marejeo cha mwaka 2015, kiweke karibu, ila usikifungue kabla hujamaliza. Kinamwaga kila kitu.

Na msiruke kuja moja kwa moja kwenye cha mwisho kwa sababu tamthilia imekatwa. Hamtamjua mtu. Tamthilia ilibadilisha mengi, kuna waliokufa kwenye tamthilia ambao vitabuni wako hai. Na msianze na New Spring eti kwa sababu kinasimulia mambo ya kabla. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaojua tayari. Anzeni na kitabu cha kwanza, The Eye of the World. Mwanzo wake ni wa polepole, kijiji, kondoo, maandalizi ya sikukuu, vijana wanataniana. Vumilieni mpaka ule usiku Trolloc, yale majitu nusu mtu nusu mnyama, wanapouvunja mlango wa nyumba ya baba yake Rand, shujaa mkuu wa hadithi. Ukifika hapo na bado hujashikwa, kiuze. Kuna mtu anakitafuta.