Kasisi Mpelelezi: Uzoefu Wangu na Vitabu vya Grantchester na Jamaa Zake

Polisi akishamtia muuaji pingu, kazi yake imekwisha. Anarudi kituoni, kesho anapewa jalada jingine. Kasisi hana pa kurudi. Yeye ndiye atakayemzika aliyeuawa, ndiye atakayekwenda kukaa na mama wa aliyeua, na Jumapili atasimama madhabahuni mbele ya watu walewale aliowashuku wiki nzima. Hiyo ndiyo sababu inayonifanya nipende riwaya za upelelezi za Kiingereza ambazo shujaa wake ni mtu wa kanisa, na ndiyo sababu naandika maoni haya, maana nimeona wengi wanazipita wakidhani ni vitabu vya dini.

Si vitabu vya dini. Hakuna atakayekuhubiria. Ila kama umekulia kwenye Uanglikana wa kwetu, uwe wa Tanga, Masasi, Dodoma au Mombasa, utajiona umefika nyumbani kabla hujamaliza sura ya kwanza. Kuna kasisi asiye na fedha, nyumba ya kanisa inayovuja, mzee wa kanisa anayejua kila kitu, mama anayepika na kumkaripia kasisi kwa kuchelewa chakula, na askofu wa mbali ambaye barua zake hazina habari njema.

Nilianza na James Runcie, na bado yeye ndiye ninayempendekeza kwa mgeni. Kitabu chake cha kwanza, Sidney Chambers and the Shadow of Death, kilitoka mwaka 2012. Kina hadithi sita ndefu zinazopokezana, kwa hiyo unaweza kumaliza moja usiku mmoja ukalala. Sidney ni kasisi kijana wa Grantchester, kijiji kilicho kando ya Cambridge, na hadithi zinaanza mwaka 1953. Amepigana vita vya pili vya dunia, amepata nishani ya ushujaa, amerudi akavaa kola ya ukasisi. Runcie hakuokota hayo barabarani. Baba yake, Robert Runcie, alipigana vita hivyo akapewa nishani ya Military Cross, kisha akawa Askofu Mkuu wa Canterbury tangu 1980 hadi 1991. Mtoto amekulia ndani ya nyumba ya aina hiyo, na inaonekana katika vitu vidogo: jinsi kasisi anavyochoka Jumapili jioni, jinsi asivyoweza kukataa kinywaji anachokaribishwa. Kila nyumba inampa Sidney sherry, aina ya mvinyo, naye roho yake iko kwenye wiski.

Hadithi ya kwanza inaonyesha vizuri namna mambo yanavyokwenda. Wakili mmoja, Stephen Staunton, amekutwa amekufa ofisini, na watu wote wanasema amejiua. Sidney amekwisha kumzika. Ndipo mwanamke anamfuata, anamwambia yule hakujiua, aliuawa. Kwa nini asiende polisi? Kwa sababu alikuwa hawara yake, na ana mume. Kwa kasisi anaweza kusema hilo, polisi wangeliandika. Hapo hapo mwandishi ameshanipa kitu ambacho riwaya nyingi za upelelezi huhangaika kukitengeneza: sababu ya raia wa kawaida kuingia katika kesi ya mauaji bila kuonekana mdaku.

Na uzito wake haukomei kwenye kumjua muuaji. Uingereza ya wakati ule, kujiua lilikuwa kosa la jinai. Sheria ilibadilishwa mwaka 1961 tu. Kitabu cha Sala cha 1662, ambacho ndicho Sidney anachosalia, kinakataza ibada yake ya maziko kusomwa kwa mtu aliyejitoa uhai. Kwa hiyo mjane anayeambiwa kwamba mumewe amejiua anabebeshwa msiba, aibu na hofu ya milele kwa pamoja. Ukweli ukipatikana, mzigo huo unamwondokea yeye, unamwangukia mwingine, tena vibaya zaidi, kwa sababu waliopatikana na hatia ya mauaji Uingereza waliendelea kunyongwa hadi 1964. Kila Sidney anapomnong'oneza inspekta jina la mtu, kamba iko pale chumbani pamoja nao. Mtu anayesoma Injili kila asubuhi amfikishe mwenzake kwenye kitanzi? Runcie hapigi kelele juu ya jambo hili, lakini linamfanya Sidney asifurahie ushindi hata mmoja, na mimi nimechoka na wapelelezi wanaofurahia.

Hadithi ya daktari ndiyo iliyonikalia kichwani kuliko zote. Wazee wanakufa mapema kidogo kuliko inavyotarajiwa, na minong'ono inamzunguka daktari wao, mtu anayependwa. Je, anawaua, au anawahurumia? Polisi anataka ushahidi. Kasisi anataka kujua amwambie nini, na pia ajiulize mwenyewe kama ana haki ya kuuliza. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho mkononi kwa muda.

Halafu watu wake! Nasema bila kuficha, mafumbo yenyewe hayana ujanja mkubwa. Ukiwa msomaji mzoefu utamjua mhalifu mapema. Unarudi kwa ajili ya watu. Inspekta Geordie Keating, mwenye watoto wengi kuliko mshahara, hukutana na Sidney kila Alhamisi katika baa ya The Eagle mjini Cambridge, wacheze bao la backgammon na kunywa bia mbili. (Hiyo ndiyo baa ambako Februari 1953 Francis Crick alitangaza kwamba yeye na James Watson wameigundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Kwa mji mdogo, meza zake zimesikia mengi.) Bi Maguire, mtunza nyumba, hampendi mbwa wa Sidney, Labrador mweusi aitwaye Dickens, wala hampendi sana kasisi msaidizi, Leonard Graham, ambaye anamsoma Dostoevsky wakati wa kuosha vyombo umewadia. Leonard ni mpweke kwa namna ambayo msomaji anaielewa kabla hajaielewa Bi Maguire. Mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa kifungo Uingereza hadi 1967. Vitabuni jambo hilo linaguswa kwa mbali. Kwenye tamthilia ya televisheni iliyoanza 2014 wameliweka wazi, na naona huko televisheni walifanya vizuri kuliko kitabu. Kuna Amanda, rafiki wa Sidney mwenye fedha na ulimi, na kuna Hildegard, mjane Mjerumani anayepiga piano, ambaye anaishi miongoni mwa watu waliokuwa wakipigana na nchi yake miaka minane tu iliyopita. Kila anaponyamaza mezani, mimi husoma taratibu.

Mfululizo una vitabu sita, kimoja kila mwaka hadi 2017, na miaka ndani yake inapita kweli, kutoka 1953 mpaka miaka ya sabini. Watu wanaoa, wanazeeka, wanapandishwa vyeo, wanachoshana. Kimoja cha nyongeza, kilichotoka 2019, kinarudi nyuma hadi vitani Italia na kueleza jinsi askari alivyogeuka kasisi.

Malalamiko yangu sasa. Sidney hujiuliza maswali yaleyale mno: je, namwibia Mungu muda nikipeleleza? Ndiyo Sidney, unamwibia, tumeshakusikia, endelea. Wahalifu nao wana tabia ya kukiri upesi, kana kwamba kola ile nyeupe ni dawa ya kufungua midomo. Hadithi ya picha iliyopotea ya Holbein, mchoraji wa zamani, niliisoma kwa kurukaruka, na nikiulizwa leo ilikuwaje nitababaika. Pia kijiji kidogo hakiwezi kuwa na vifo vingi hivyo. Hili la mwisho ni la aina nzima ya riwaya hizi, mtu asimlaumu Runcie peke yake.

Ukimaliza Runcie na unataka kucheka zaidi, nenda kwa Richard Coles. Huyu ni kisa. Mwaka 1986 alikuwa mpiga kinanda wa The Communards, bendi iliyoshika namba moja Uingereza. Baadaye akapadrishwa, akawa kasisi wa parokia ya Finedon, Northamptonshire, hadi 2022. Mwaka huohuo ukatoka Murder Before Evensong. Kasisi wake, Kanoni Daniel Clement, yuko katika kijiji cha kubuni cha Champton mwaka 1988, anaishi na mama yake Audrey, mwenye maneno makali kama pilipili kichaa, na mbwa wawili wafupi, Cosmo na Hilda. Ugomvi unaanza kwa sababu kasisi ametangaza kwamba kanisa linahitaji choo. Choo! Ili kipatikane nafasi, mabenchi ya nyuma yaondolewe. Kijiji kinagawanyika pande mbili, na kabla hawajapatana, ndugu wa bwana mkubwa wa kijiji anakutwa kanisani amechomwa shingoni kwa mkasi wa bustani.

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kanisa hatahitaji kuelezwa. Nimeona waumini wakinuniana miezi kwa sababu ya rangi ya ukuta na nani aliyenunua kinanda kipya bila idhini. Coles anajua kwamba watu hawagombani juu ya benchi; wanagombana juu ya nani alikalia benchi hilo zamani, na nani alidharauliwa. Upelelezi wa Daniel umejengwa juu ya ujuzi huo wa chini kabisa. Kasoro yake ni mwendo. Nusu ya kwanza ya kitabu ni maua, chai na vikao, na nilimwona rafiki yangu akikirudisha kabla mtu hajauawa sawasawa. Mimi nusu hiyo ndiyo niliyoipenda.

Wengine watakuambia uanze na baba yao wote, Padri Brown wa G. K. Chesterton, ambaye vitabu vyake vilitoka kati ya 1911 na 1935. Huyu ni Mkatoliki, mfupi, mwenye uso wa kusahaulika na mwavuli unaomwanguka kila mara. Chesterton alimchonga kutokana na rafiki yake wa kweli, Padri John O'Connor wa Yorkshire. Alisimulia kwamba vijana wawili wa Cambridge walimdharau O'Connor, wakisema padri kama huyu hajui uovu wa dunia, ilhali padri mwenyewe alikuwa ametoka kumweleza Chesterton mambo ya kutisha aliyoyajua kwa kazi yake. Ndilo wazo lililozaa hadithi zote: anayesikiliza maungamo anaujua moyo wa mwizi kuliko polisi. Katika hadithi ya kwanza Padri Brown anamgundua mwizi aliyejifanya padri kwa sababu mwizi alikosea teolojia, yaani aliishambulia akili ya binadamu. Ni werevu mtupu.

Lakini nitoe onyo ambalo wakosoaji wa Kiingereza hulipitia haraka. Baadhi ya hadithi za Chesterton zinamtukana Mwafrika na Mwasia bila haya. Ile ya The God of the Gongs, katika kitabu cha 1914, sikuweza kuisoma hadi mwisho nikiwa na furaha yoyote. Chagua cha 1911, soma taratibu, na usimpe mtoto bila kukaa naye.

Na kwa kuwa tumefika kwa Wakatoliki wenye kalamu: Ronald Knox, kasisi aliyeandika mwaka 1929 zile amri kumi maarufu za riwaya ya upelelezi (mojawapo inasema mpelelezi mwenyewe asiwe mhalifu), alikuwa ameshajiingiza katika mambo ya huku kwetu kabla ya hapo. Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, wakajadili kushirikiana, na Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Knox, akiwa bado Mwanglikana, aliandika kijitabu cha dhihaka juu ya sakata hilo. Kumbe aliyewawekea sheria waandishi wa mauaji alijifunza kunoa kalamu kwa ugomvi wa makanisa yetu.

Wa giza ni Phil Rickman. Kasisi wake ni mwanamke, Merrily Watkins, mjane mvuta sigara mwenye binti mkaidi, aliyetumwa parokia ya Ledwardine, Herefordshire, katika kitabu kilichotoka 1998, miaka minne tu baada ya Kanisa la Uingereza kuanza kuwapa wanawake ukasisi. Baadaye anapewa kazi ya kupunga pepo ya dayosisi. Ninavisoma mchana.

Kuhusu kuvipata na kuvisoma: vya Runcie na Coles vipo kwa njia ya simu, na Kiingereza chao ni chepesi, sentensi fupi, mazungumzo mengi. Vya zamani vya Chesterton vinapatikana bure mtandaoni lakini Kiingereza chake kinajizungusha, kinahitaji subira. Toleo moja la simu nililolinunua lilikuwa na herufi zilizovurugika katika sura mbili, basi pakua sampuli kwanza. Kwa anayetaka mafumbo ya kuumiza kichwa, Runcie nampa nyota tatu. Kwa anayetaka watu, nne na nusu, na nusu iliyobaki ni ya Holbein.

Visomwe kwa mpangilio, tafadhali. Na ukiwa bado kwenye cha tatu au cha nne, usiende mtandaoni kutafuta habari za cha sita. Mimi niliharibiwa na mtu aliyeandika maoni bila kuonya, nikakisoma chote nikiwa tayari najua kinachokuja.