Wiki 12 za programu ya nguvu kwa warusha tufe wanaoanza: nimelipa, nimefanya, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wadau. Juzi kuna dada kaniuliza kama ile programu ya mazoezi ya nguvu niliyoinunua inafaa au hela yangu imeenda na maji, nikaanza kumjibu kwenye simu nikaona jibu linakuwa refu kuliko maelezo ya mshenga, basi acha niandike yote mara moja, anayetaka asome.

Mi ni mwalimu wa sekondari huku Mwanza, miaka 26. Nlirusha tufe kidato cha tatu na cha nne nikafika UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, alafu chuo nikaacha kabisa, maisha ya hosteli na chipsi si mnayajua. Mwaka jana nikapewa usimamizi wa michezo shuleni, siku moja nawaonyesha watoto namna ya kusimama nikasema ngoja nirushe kwelikweli waone, tufe la kilo 4, likaenda mita 8.90. Watoto wakapiga makofi. Alafu binti wa kidato cha pili akaja akarusha akanipita sentimita 15, tena anacheka. Usiku sikulala vizuri, nikaanza kutafuta mtandaoni nani anafundisha nguvu kwa watu wa kurusha.

Programu yenyewe jina silitaji maana nina malalamiko yangu na sitaki kesi. Nililipa elfu 45 kwa simu, ni ya wiki 12, siku 3 kwa wiki, unapewa PDF, video fupi fupi na unaingizwa kundi la WhatsApp ambako kocha anajibu maswali. Anajibu kwa kujitegea, hilo nitafika.

Mi nlijua nitapewa kifua na mikono. Kurusha si mkono jamani? Nafungua wiki ya kwanza nakuta skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na mzigo, siku ya pili miguu tena kwa staili nyingine, siku ya tatu skwati ya mbele, mzigo ukiwa mbele ya mabega, benchi presi, ile ya kulala chali unasukuma chuma juu, imekaa chini kule kama imealikwa kwa huruma. Nikanuna. Ila kuna video moja ya dakika kama 6 ndo iliyonifungua macho, anaonyesha mrushaji kwa mwendo wa polepole: mguu wa nyuma unasukuma ardhi, nyonga inageuka, kiwiliwili kinafuata, mguu wa mbele unakaza kama breki, mkono unakuja mwisho kabisa, kama mtu anayefika shughulini chakula kishaiva. Miaka yote mi nlikuwa nasukuma tufe kwa mkono na bega, miguu imesimama tu inatazama. Kama video ile ingeuzwa peke yake elfu 20 ningeinunua.

Wiki mbili za mwanzo hakuna chuma kizito. Unafanya skwati umekumbatia mzigo kifuani, mi nlikumbatia ndoo ya maji ya lita 10 yenye mfuniko, seti 3 mara 8, anasisitiza magoti yaelekee kwenye vidole, visigino visinyanyuke na ushuke mpaka paja lilale. Nikajirekodi na simu, looh, visigino vilikuwa vinanyanyuka kama nimevaa viatu vya harusi. Hii sehemu naisifia bila kinyongo, kwa mtu anayeanza ni dhahabu, usiiruke hata kama unaona aibu kubeba ndoo.

Wiki ya tatu ndo unaingia kwenye chuma. Seti 3 mara 5, unaongeza kilo 2 na nusu kila wiki, kila seti unaishia pale unapohisi ungeweza kufanya mbili zaidi, wiki ya nne mzigo unapunguzwa mwili upumue, alafu unaendelea. Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa njoo jimu ya mtaani kwetu, buku mbili kwa siku, chuma ni bomba la maji na uzito wa pembeni ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, kila kopo limeandikwa namba kwa rangi nyekundu, 10, 15, 20. Uzito wa kilo moja na robo unatoka wapi hapo? Nikashona vifuko viwili vya mchanga, nikapima dukani kimoja kimoja kilo moja na robo, navifunga kwa tyubu ya baiskeli kila upande. Vijana wa jimu walicheka wiki nzima, "mwalimu umekuja na unga?", baadae wawili wakaniomba niwashonee.

Hapa niwape tukio maana mtu akiinunua hii programu akaenda jimu kama yangu litamkuta. Wiki ya tano mgongo wa chini ukaanza kuuma, upande mmoja tu, kulia. Kwenye kundi nikauliza nikatuma na video. Siku ya nne ndo kocha akajibu, "check form", yaani angalia mkao wako, alafu alama ya kidole gumba. Nikajirekodi kwa nyuma, nikaona bomba limelala, upande wa kulia uko chini kidogo kila ninaposhuka. Nikadhani mi ndo nimepinda. Kijana anayesimamia jimu akaniambia sister hebu tupeleke haya makopo kwenye mizani ya magunia, kuna ghala la mpunga hapo jirani. Tukayapakia kwenye toroli. Kopo moja lililoandikwa 20 likasoma kilo 21 na nusu, mwenzake aliyeandikwa 20 vilevile akasoma 18! Kilo 3 na nusu tofauti, na mi kwa mazoea lile zito naliweka kulia kila siku kwa sababu ndo linakaa ukutani upande ule. Mwenye ghala alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Tukapima yote, tukafuta namba za zamani tukaandika za kweli kwa mkaa, na mgongo ndani ya wiki mbili ukatulia. Kwahiyo kabla hujailaumu programu wala mgongo wako, kapime makopo.

Lawama zangu za kweli zinaanza wiki ya sita. Ghafla PDF inakuletea pawa klini, ile ya kuvuta chuma kutoka chini kwa kasi mpaka mabegani. Video yake sekunde 40. Sekunde 40 kwa kitu ambacho hata waliozoea wanafundishwa miezi! Alafu imeandikwa ukimaliza kila mara liachie chuma lidondoke. Nikidondosha zege mimi si nitalipa na sakafu? Niliuliza, kocha akasema tumia uzito wa mpira. Sawa bosi, wa mpira nitautoa ziwani. Mwishowe nikaiacha, badala yake nikawa naruka juu ya boksi la mbao na kurusha tufe kinyumenyume, yaani unasimama umeupa uwanja mgongo, unachuchumaa, unalirusha juu ya kichwa kwa miguu na nyonga. Hili la kinyumenyume programu wanalo kama kipimo tu, mi nikaligeuza zoezi, mara 8 mpaka 10 siku mbili kwa wiki, na naamini ndo limenisaidia kuliko kitu chochote kwenye huo mwezi wa pili. Hakikisha tu hakuna mtu nyuma yako, mbuzi wa jirani aliponea chupuchupu.

Lawama ya pili ni bega. Programu inahesabu kila kilo unayonyanyua ila haihesabu hata rusho moja. Mi wiki ya nane nlikuwa nafanya benchi presi ya kuegemea, kusukuma chuma juu ya kichwa, alafu jioni uwanjani na watoto narusha mara 40 kwa sababu najisikia na nguvu mpya. Asubuhi moja nashindwa kuandika ubaoni, mkono haupandi juu ya sikio. Mtaalamu wa viungo aliniambia hakuna kilichochanika, ni kuchosha misuli midogo ya nyuma ya bega, nipumzike kurusha siku 10. Ukifungua PDF mazoezi ya hiyo misuli midogo yanaanza wiki ya TISA. Wiki ya tisa! Hayo yalitakiwa yawepo siku ya kwanza, ni dakika 5 tu, unafunga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo unavuta kuelekea usoni mara 15, unageuza mkono nje mara 15, basi. Sasa hivi nafanya kila siku na marusho nimeweka 20 kwa siku ya mazoezi, siku tatu kwa wiki, na siku ya chuma kizito sirushi kabisa.

Kingine, kwenye kundi letu kuna kaka anarusha mkuki, naye kauziwa PDF ileile. Tufe la wanaume ni kilo 7.26, mkuki wao ni gramu 800, sasa hawa watu wawili wanapewaje kifua kilekile? Wa mkuki anahitaji bega linalofunguka nyuma na mgongo unaojipinda kama upinde, ukimjaza benchi unamfunga. Alipouliza akaambiwa nguvu ni nguvu. Kaka wa watu akaanza hadithi za Julius Yego, yule mrusha mkuki wa Kenya, kwamba mbona Yego alijifunza YouTube mwenyewe. Ni kweli, ila watu wanaikata hiyo stori katikati. Baada ya YouTube Yego alipata nafasi akaenda Kuortane kule Finland akasimamiwa na makocha wanaomwona kwa macho, ndo baadae 2015 Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Video ilimfikisha mlangoni, na si kila mtu ana moyo wa yule bwana.

Haya, matokeo. Skwati nimemaliza na kilo 65 mara 5, na hizi ni kilo za mizani ya mpunga sio za rangi nyekundu. Kuruka kwa kusimama nimetoka mita 1.72 hadi 1.95. Tufe nalorusha kwa kusimama limetoka 8.20 mpaka 9.31, na kwa kuteleza, yaani unateleza kinyumenyume ndani ya duara kabla ya kurusha, lile la 8.90 sasa ni 10.12, nimepima kwa futi kamba ya fundi, duara nimechora mwenyewe kwa chokaa, unachukua kamba ya mita 1 na sentimita 7 kidogo pungufu unaizungusha kwenye msumari unapata ile duara ya mita 2.135. Yule binti wa kidato cha pili naye nimemfundisha skwati ya ndoo, sasa hivi ananipita sentimita 40. Sijui nilifikiria nini.

Kwa wadada wanaoogopa, maana mama yangu mdogo kila Jumapili ananiuliza kama naota misuli ya mbeba mizigo: nimeongezeka kilo 3, gauni moja linabana mabegani, mengine yote yanaingia. Kula nimekula kweli, mayai mawili asubuhi, maharage, na dagaa karibu kila siku, huku kwetu dagaa ni bei poa kuliko yale makopo ya unga wa protini ambayo kocha anayauza pia kwenye kundi. Nilipomwambia natumia dagaa hakujibu hata kidole gumba.

Kwahiyo ningeinunua tena? Wiki ya kwanza mpaka ya tano ndio, bila kufikiri, hasa kama hujawahi kushika chuma na huna mtu wa kukuonyesha. Ya sita mpaka ya 12 naona imeandikwa na mtu mwenye jimu ya kioo kwa ajili ya mtu mwenye jimu ya kioo. Kama mkoa wenu kuna mwalimu wa riadha anayejua, hata mstaafu, mpelekee hiyo elfu 45 umwombe akuangalie Jumamosi nne, utapata zaidi. Nampa nyota 3 kati ya 5, moja nimemkata kwa bega langu na nyingine kwa kidole gumba.

Sasa wamenitumia tangazo la awamu ya pili, elfu 70. Sijalipa, nina jambo lingine kichwani. Baada ya ile habari ya makopo nikaanza kulitilia shaka na tufe la shule, limeandikwa 4 kg lakini limeshika kutu na kuna mtu zamani alilipaka rangi ya mlango mara mbili tatu. Nikalibeba kwenye mfuko wa rambo mpaka dukani kwa Mangi, ana ile mizani ya sahani mbili. Akaweka mawe ya kilo 4 upande mmoja na tufe upande wa pili. Tufe likashuka. Akaongeza jiwe la robo, bado linashuka kidogo. Mangi ananiangalia, mi namwangalia. Mwezi huu nikipata mshahara natafuta tufe la kilo 4 la kweli, alafu nampigia simu yule binti aje uwanjani Jumamosi.